Mstaafu Hahami Mara Mbili: Kisa cha Malaysia na Wageni Iliowaalika

Agosti 2021, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Malaysia ilitangaza masharti mapya kwa wageni wanaotaka kuishi nchini humo kwa muda mrefu. Kipato kutoka nje ya nchi, ambacho zamani kilitakiwa kiwe ringiti 10,000 kwa mwezi, kikapandishwa hadi 40,000. Amana ya benki, ambayo mtu wa miaka 50 na kuendelea alikuwa akiiweka kwa ringiti 150,000, ikawa milioni moja. Kibali cha miaka kumi kikafupishwa kuwa cha mitano. Ada ya mwaka ikatoka ringiti 90 hadi 500. Na wale waliokuwa tayari wanaishi huko, wenye nyumba, majirani na daktari wao waliyemzoea, nao wakaambiwa wamepewa mwaka mmoja wa kutimiza masharti hayo hayo.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikichukue kisa hiki. Nchi zinazowania wastaafu wa kigeni hutangaza hali ya hewa, bei ya nyumba, hospitali na unafuu wa kodi. Malaysia ilikuwa navyo vyote. Ilikuwa na uzoefu wa miaka karibu ishirini na jina zuri mbele ya nchi jirani. Ikajifungia mlango yenyewe, na tangu hapo imekuwa ikihangaika kuufungua upya. Ukitaka kuelewa ni nini hasa kinachomzuia mzee kuhamia nchi ya ugeni, mfano huu unatosha.

Mwaliko ulivyokuwa

Malaysia ilianza mwaka 1996 na mpango mdogo wa wazee wa kigeni, ulioitwa Silver Hair. Mwaka 2002 mpango huo ukapanuliwa na kupewa jina la Malaysia My Second Home, yaani Malaysia ni nyumba yangu ya pili. Wahusika wote huuita MM2H.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi kueleweka. Unaomba, unapata barua ya idhini yenye masharti, unasafiri kwenda Malaysia, unafungua amana ya muda maalumu benki, unapimwa afya, unakata bima, kisha kibali kinagongwa kwenye pasi yako ya kusafiria. Hukulazimika kukaa idadi fulani ya siku kwa mwaka. Uliweza kununua nyumba kwa jina lako, pamoja na ardhi inayoikalia, jambo ambalo Thailand na Ufilipino hazimruhusu mgeni. Waliofikisha miaka 50 na wenye utaalamu maalumu waliweza hata kuomba ruhusa ya kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki. Aliyekataliwa bima kwa sababu ya umri au maradhi aliweza kusamehewa sharti hilo. Huo msamaha wa bima naupa uzito mkubwa, kwa sababu unaonyesha kwamba aliyeandika kanuni zile alimfikiria mzee mwenyewe kabla ya pesa zake.

Watu walikuja. Wajapani waliipenda Malaysia kwa miaka mingi kuliko nchi nyingine yoyote ya kukaa muda mrefu, na hilo lina historia yake. Mwaka 1986 serikali ya Japani ilitangaza mpango wa kujenga miji ya wastaafu wake katika nchi za nje. Ukapingwa vikali: ikasemwa kwamba Japani, baada ya kuuza magari na redio, sasa inasafirisha wazee wake. Mpango ukafifia. Lakini haja haikufifia, na wazee waliokataa kusafirishwa kwa makundi waliondoka mmoja mmoja kwa hiari yao. Malaysia iliwafaa kwa sababu haikuwajengea kambi ya wazee. Iliwapa kibali, ikawaacha wachague mtaa.

Hesabu ya elfu arobaini

Tukae kidogo kwenye ile ringiti 40,000, maana ndani yake mna kosa ambalo nchi nyingi hulirudia.

Kwa viwango vya 2021, ringiti 40,000 zilikuwa karibu dola 9,500 za Marekani kwa mwezi. Chukua mfano wa mwalimu mstaafu wa Uingereza anayepata pensheni kamili mpya ya serikali. Mwaka huo ilikuwa pauni 179.60 kwa wiki, sawa na pauni 778 hivi kwa mwezi. Ukizigeuza unapata kama ringiti 4,400. Hata akiongeza pensheni ya kazini iliyo mara mbili ya hiyo, bado hafiki ringiti 14,000. Chukua Mmarekani: wastani wa malipo ya hifadhi ya jamii kwa mstaafu mwanzoni mwa 2021 ulikuwa dola 1,543 kwa mwezi, karibu ringiti 6,400. Mume na mke wakiunganisha, ni kama 13,000. Mwalimu mwenye pensheni zote mbili na wenza hawa walivuka kizingiti cha zamani. Kile kipya cha 2021 hawakukikaribia.

Sasa tazama upande wa mwenyeji. Mwaka 2020 mshahara wa kati wa mfanyakazi wa Malaysia, yaani ule unaowagawa wafanyakazi nusu kwa nusu, ulikuwa ringiti 2,062 kwa mwezi. Mzee mwenye ringiti 10,000 alikuwa akiishi kwa kipato cha karibu wafanyakazi watano. Kumwambia huyo kwamba hana uwezo wa kujikimu ni kumwonea.

Kuna jambo la ndani zaidi. Mtu akistaafu, mali yake na kipato chake huachana. Anaweza kuwa na nyumba isiyo na deni na akiba ya miaka arobaini, lakini kila mwezi akawa anachota kidogo kidogo ili isiishe kabla yake. Anayepata dola 9,500 kila mwezi bila kukosa kwa kawaida ni mkurugenzi aliye kazini bado, mfanyabiashara, au mwenye majumba ya kupangisha. Kwa hiyo sharti hili halikumchuja maskini wakabaki wastaafu wenye nafasi. Lilichuja ustaafu wenyewe. Wizara iliandika kanuni ya wastaafu ambayo mstaafu wa kawaida hawezi kuitimiza, halafu ikangoja maombi.

Jirani, Thailand, mtu wa miaka 50 na kuendelea alikuwa akitakiwa kuonyesha bahti 800,000 benki, au kipato cha bahti 65,000 kwa mwezi, kama dola 2,000 hivi kwa wakati huo. Kibali chake ni cha mwaka mmoja mmoja na kina usumbufu wake. Lakini mtu anayepiga hesabu mezani kwake huanza na swali la kama anaingia au haingii.

Amana nayo ina mtego ambao matangazo huwa hayautaji. Inawekwa kwa ringiti, na mstaafu anawaza kwa sarafu ya nyumbani. Mwanzoni mwa 2013 dola moja ilikuwa karibu ringiti 3.1, kwa hiyo aliyeweka ringiti 150,000 wakati ule alitoa kama dola 48,000. Februari 2024 ringiti ilishuka hadi karibu 4.8 kwa dola, kiwango cha chini kabisa tangu mtikisiko wa Asia wa 1998. Amana ile ile, kabla ya kuhesabu riba, ikawa kama dola 31,000. Mwenye kuishi huko na kutumia pensheni ya dola alipoza hasara hiyo kwa sababu pensheni yake ilinunua zaidi. Anayetaka kurudi kwao ndiye aliyeumia. Ukitaka amana ya milioni moja, unamtaka abebe hatari hiyo mara sita na zaidi.

Waliokuwa ndani

Matatizo hayakuanzia 2021. Malaysia ilipofunga mipaka tarehe 18 Machi 2020 kwa ajili ya korona, wenye vibali vya MM2H waliokuwa safarini walijikuta nje. Kisheria kibali chao ni cha kutembelea kwa muda mrefu, hakiwafanyi wakaazi wa kudumu, na siku ile tofauti hiyo ilionekana kwa macho. Mtu ana ufunguo wa nyumba yake mfukoni, ana gari limeegeshwa chini ya jengo, dawa zake za presha ziko kabatini Penang, kisiwa cha Malaysia, naye yuko kwa mwanawe Osaka au Leeds hajui atarudi lini. Baadaye ruhusa zilianza kutolewa kwa maombi. Katikati ya mwaka huo mpango wenyewe ukasimamishwa ufanyiwe mapitio.

Kwa hiyo tangazo la Agosti 2021 liliwakuta watu ambao tayari walikuwa na wasiwasi. Hebu fikiria mjane wa miaka 76 aliyekuja mwaka 2012, aliyemzika mumewe huko, ambaye kibali chake kinaisha mwaka unaofuata. Alikuja kwa masharti aliyopewa akayatimiza. Anaambiwa atafute milioni moja. Nyumba ya kwao aliiuza zamani ili anunue hii. Watoto wana maisha yao. Daktari aliyemzoea yupo hapa.

Kijana anayebadilishiwa masharti ya visa hukasirika, akafunga begi akaenda kwingine. Mzee hana kwingine. Kuhama uzeeni ni uamuzi wa mara moja: umeuza nyumba, umegawa samani, umeaga. Nguvu za kuanza upya hazipo. Ndiyo maana mstaafu makini, kabla ya kuuliza bei ya umeme, huuliza watu waliotangulia walitendewaje. Na mwaka 2021 jibu lilikuwa wazi kwa kila aliyeuliza.

Kelele zilipigwa. Sultani Ibrahim wa Johor, jimbo la kusini mwa nchi, ambaye tangu Januari 2024 ndiye mfalme wa Malaysia, aliyapinga masharti hayo hadharani akiona yatawakimbiza watu. Serikali ikalegeza: waliokuwa na vibali wakaondolewa masharti mapya ya kifedha, wakabakiwa na ada mpya na sharti la kukaa angalau siku 90 kwa mwaka. Ulikuwa uamuzi wa haki, ila ulikuja kwa kuvutwa. Wasomaji wa Kiswahili mnajua tunasema asiyekuwapo na lake halipo. Mgeni mstaafu yupo kwa mwili lakini hapigi kura, hana chama, hana mbunge. Safari hii alipata sultani. Hakuna anayeweza kupanga uzee wake kwa kutegemea bahati kama hiyo.

Kana kwamba haitoshi, mwishoni mwa Oktoba 2021, wiki chache baada ya masharti mapya kuanza kutumika, bajeti ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2022 mapato ya nje yanayoingizwa nchini na wakaazi yatatozwa kodi. Tarehe 30 Desemba, siku mbili kabla, watu binafsi wakasamehewa hadi mwisho wa 2026, na baadaye msamaha ukasogezwa hadi 2036. Matokeo yakawa mazuri. Lakini kwa miezi miwili mtu mwenye pensheni hakujua kama itatozwa kodi, na alikuwa ametoka tu kuponea kwenye lile la milioni.

Mawakala wa mpango walisema maombi yalishuka kwa karibu asilimia 90.

Serikali ilikuwa na hoja gani

Sitaki kuifanya wizara ionekane haina akili. Ilisema inataka washiriki wenye ubora, na inataka kulinda usalama. Yapo ya kweli hapo. Wapo waliopata kibali wakakitumia kama mlango wa nyuma tu, wakakaa siku chache kwa mwaka. Nchi ina haki ya kujua nani anaishi kwake, na mwananchi ana haki ya kuhofia nyumba kupanda bei. Kwa hilo la nyumba, tayari kulikuwa na kinga: ardhi Malaysia ni suala la kila jimbo, na majimbo mengi yameweka bei ya chini ambayo mgeni haruhusiwi kununua chini yake, mara nyingi ringiti milioni moja. Mgeni hashindani na kijana anayetafuta nyumba ya kwanza.

Shida ni kwamba mpango ulikuwa na wenyewe wawili, Wizara ya Utalii na ile ya Mambo ya Ndani. Utalii waliona mtu anayeleta pesa kila mwezi, anayekula hotelini na kulipa hospitali binafsi. Mambo ya Ndani waliona pasi ya kusafiria isiyo ya nchi. Usimamizi ulipohama kutoka kwa wa kwanza kwenda kwa wa pili, roho ya mpango ilihama nao. Mwombaji aliyeko nje hakuona mvutano huo. Aliona kimya, kisha barua ngumu.

Mvutano wa aina hiyo ulikuwa umeshaonekana Forest City, mji uliojengwa na kampuni ya Kichina Country Garden juu ya visiwa vya kufukia bahari huko Johor, ukikusudiwa watu 700,000. Wanunuzi walitafutwa zaidi China, na MM2H ilikuwa sehemu ya kivutio. Kwanza China ikabana: raia wake anaruhusiwa kutoa nje dola 50,000 tu kwa mwaka, na udhibiti ukakazwa. Kisha Agosti 2018 waziri mkuu Mahathir Mohamad akasema wageni hawatapewa visa za kuishi pale. Aliyekuwa ameshalipia nyumba aliyasoma maneno hayo gazetini. Majengo marefu yakabaki yamesimama matupu, na picha zake zikazunguka dunia nzima.

Sarawak, jimbo lililoko kisiwa cha Borneo, liliamua kivyake. Kwa makubaliano ya 1963 yaliyounda Malaysia, lina mamlaka juu ya uhamiaji wake, hata Mmalaysia anayetoka rasi, upande wa Kuala Lumpur, hukaguliwa akiingia. Serikali kuu ilipopandisha masharti, Sarawak ilibaki na amana ya ringiti 150,000 kwa mtu mmoja na 300,000 kwa wenza, na kipato cha ringiti 7,000 au 10,000. Mawakala wakaanza kuwaelekeza watu huko. Bendera ni moja na mvua ni ile ile. Kanuni ndizo zilizotofautiana, na watu wakazifuata.

Yasiyoondolewa na kibali chochote

Hata Malaysia ingefanya kila kitu sawa, vipo vikwazo vinavyotoka kwao mstaafu. Uingereza haimwongezei pensheni ya serikali raia wake anayeishi Malaysia: kiasi alichokuwa akipata siku ya kuhamia, au siku ya kuanza kulipwa akiwa huko, ndicho atakachopata hadi kufa, hata bei zipande vipi. Akihamia Ufilipino, yenye makubaliano na Uingereza, anaongezewa kila mwaka kama aliyebaki kwao. Mtu wa miaka 66 anayetarajia kuishi miaka ishirini akilijua hilo anaweza kubadili nchi papo hapo. Wengi hulijua wakiwa wameshafika.

Mmarekani naye huacha bima ya afya ya wazee, Medicare, mpakani. Ukitoa nafasi chache sana, haimlipii matibabu nje ya Marekani. Hospitali binafsi za Kuala Lumpur na Penang ni nzuri na nafuu ukilinganisha na za kwao, na kwa goti au jino mtu analipa taslimu akamaliza. Saratani au kiharusi ni habari nyingine. Bima binafsi hupanda kila mwaka wa umri, na baada ya miaka 70 kampuni nyingi hazimpokei mteja mpya, au zinatenga maradhi yale yale anayoyaogopa. Kwa maoni yangu hiki ndicho kikwazo kikubwa cha pili baada ya kukosa imani na sheria. Nchi itakayofungua bima yake ya umma kwa mgeni anayechangia kwa haki itawapata wastaafu wengi kuliko itakayopunguza ada.

Lipo pia la mwisho wa safari. Nani atamhudumia asipoweza tena kupanda ngazi? Kibali ni cha mwombaji mkuu, na mwenza yuko chini yake. Mkuu akifariki, aliyebaki anaanza na makaratasi akiwa bado kwenye msiba. Wapo wanaorudi kwao hapo, kwenye nchi waliyoiacha miaka kumi na tano nyuma, isiyo na nyumba yao tena.

Mlango uliofunguliwa upya

Mwaka 2024 mpango ulirudishwa Wizara ya Utalii na kupewa ngazi tatu: Fedha kwa amana ya dola 150,000, Dhahabu kwa dola 500,000, na Platinamu kwa dola milioni moja, kwa vibali vya miaka 5, 15 na 20. Sharti la kipato cha kila mwezi likaondolewa kabisa. Hilo ni jema, na ni kukiri kosa la elfu arobaini. Kwa Forest City ikawekwa ngazi ya pekee, ambapo mwenye miaka 50 na zaidi anaweka dola 32,000 tu. Takwimu za serikali za Januari mwaka huo zilionyesha vibali hai 56,066, wategemezi wakiwemo, karibu nusu wakiwa Wachina, wakifuatiwa kwa mbali na Wakorea na Wajapani. Hao wengi wao ni wa masharti ya zamani.

Ila sasa kununua nyumba ni lazima: ya ringiti 600,000 kwa Fedha, milioni moja kwa Dhahabu, milioni mbili kwa Platinamu. Na ukishainunua huruhusiwi kuiuza kabla ya miaka kumi, isipokuwa kama unahamia ya bei kubwa zaidi. Najua sababu yake, maana wanataka mtu atie mizizi na soko la nyumba lisichezewe. Lakini uzee hauendi hivyo. Mzee hutoka nyumba kubwa kwenda ndogo, kutoka ghorofani kwenda chini, kutoka mtaa wa mbali kwenda karibu na hospitali. Mtu wa miaka 72 akinunua leo, ruhusa ya kuuza itamkuta ana miaka 82, na kibali chake cha Fedha kitakuwa kimemalizika miaka mitano nyuma, kikihitaji kuombwa upya kwa masharti ya siku hiyo.